Pampu Moja ya Watu Wawili

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la nyama, pale ambapo barabara ya mlimani inaingia mjini na kupunguza mbio. Ukikaa hapo unamwona kila anayeshuka: kwanza nukta kwenye kona ya juu, kisha kofia, kisha uso. Siku ya mapumziko watu huwahi nafasi, wakanywa kahawa na kuwangoja waendesha baiskeli wao wawili, kinyozi na fundi cherehani, ambao hutoka alfajiri, wakapanda hadi uwanda wa mawe ya chokaa, wakaukata uwanda mzima, wakauvuka mlima, ndipo wakateremka kurudi nyumbani. Anayefika wa kwanza hupewa mwisho wa benchi, penye kivuli. Miaka yote kivuli hicho kilikuwa cha fundi. Leo amekikalia kinyozi, jua limeshapita utosi, na fundi hajaonekana.

Muuza kahawa alimjazia kikombe bila kuombwa. Mwenye duka la nyama, ambaye wote humwita Mfupa kwa jinsi alivyokonda katikati ya minofu yake, alikuwa anasimulia tena alivyomwona kinyozi akichomoza peke yake pale konani, hata akadhani macho yamemchezea. Siku zote walimwita kinyozi Konokono. Leo Mfupa alilifuta jina hilo mbele ya mashahidi, akatangaza kwamba kuanzia sasa ni Mkwea Milima. Kinyozi alicheka, akalipokea, akainamia kikombe.

— Hebu tuambie, bwana mkubwa. Mwenzako umemwacha wapi?

Huyo alikuwa Kona, dereva wa malori aliyestaafu, mtu ambaye hawezi kusimulia jambo bila kulipindisha.

— Uwandani, alisema kinyozi. Aliniambia nisimngoje.

Hakuambiwa hivyo.

Wawili hao wana sheria moja, nao waliiweka wenyewe. Pampu ni moja, na anayeibeba huendesha nyuma, ili mwenzake akipata pancha, pampu ije imkute. Kule juu hakuna duka wala kijito; mvua ikinyesha, mawe huimeza yote kupitia mashimo yaliyotapakaa kandokando ya barabara, mengine mapana kama sebule, mengine hayana mwisho. Magari hupita kwa nadra. Mtandao wa simu hauingii. Mbebaji wa pampu siku zote alikuwa fundi, kwa kuwa ndiye mwenye miguu, na ndiye awezaye kujizuia nyuma ya konokono saa nzima bila kunung'unika. Mlima ukiisha, sheria nayo huisha, na fundi humpita mwenzake kwenye mteremko huku akimpigia kengele.

Lakini asubuhi hii mfuko wa fulana ya fundi ulifumuka. Walicheka sana, fundi cherehani mzima kufumukiwa na mshono, kisha pampu ikahamia mgongoni kwa kinyozi. Kinyozi akakaa nyuma kama inavyotakiwa. Katikati ya uwanda fundi alisimama ajisaidie, akampungia mkono apite polepole, atamfikia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kinyozi alikuwa amekwenda kipande kidogo tu aliposikia sauti nyuma yake.

— Ndugu yangu, ngoja. Tairi limekwisha.

Uwandani sauti haina mahali pa kugonga; inakuja nzima kama ilivyotoka. Kinyozi aliisikia. Mbele yake mlima ulikuwa umesimama mweupe, mtupu, na nyuma yake, kwa mara ya kwanza, hapakuwa na mlio wa mnyororo wa mtu anayemvumilia. Akajiambia ni upepo. Akakanyaga. Akajiambia atamngoja juu. Alipofika juu akajiambia atamngoja chini. Alipofika chini benchi zima lilikuwa limesimama likimpigia makofi.

Sasa yuko kivulini, na benchi linajadili.

Mfupa alianza kwa upole. Yeye aliona fundi amechoka tu, amejilaza mahali. Mtu anayekaa kwenye cherehani wiki nzima, alisema, damu yake hujikusanya kiunoni, na siku ikiamua kushuka miguuni, hushuka yote kwa pamoja. Muuza kahawa hakukubali. Kwa maoni yake fundi ameona aibu ya kushindwa, amejificha kwenye kona ya juu kule anangoja watu waondoke. Kona akawaambia wote wawili hawaijui ile barabara. Uwanda ule ni mtupu kwa ndani, alisema. Yeye akiupita na lori alikuwa anasikia mlio wa ngoma chini ya magurudumu, na mashimo yale huvuta pumzi. Yanavuta hewa, yanavuta na tairi. Mtu mzito hayamdhuru, ila fundi, kwa wepesi wake...

— Acha zako, alisema Mfupa. Basi mimi yangenimeza zamani.

— Wewe yangekutema. Huna nyama.

Walicheka. Kinyozi naye alicheka, akasikia kicheko chake kimetangulia vya wenzake na kuchelewa kunyamaza.

Ng'ambo ya barabara mke wa fundi alitoka kwenye mlango wa duka lao la nguo. Ndani kulikuwa na mteja aliyekuja kuchukua suruali, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mumewe. Alijaribu tena simu, akaisikiliza, akaishusha. Kisha akamwona kinyozi.

— Shemeji, umesharudi? Mwenzako je?

— Yuko nyuma, shemeji. Anakuja.

— Haya. Nilishaanza kuingiwa na wasiwasi, ila nikasema, maadamu yuko na wewe.

Akarudi ndani. Kinyozi aliweka kikombe chini. Aliinuka nusu, mkono ukatangulia kuitafuta baiskeli yake ukutani, na kama mtu angenyamaza wakati ule pengine angeondoka. Lakini Mfupa alimvuta chini, akamwambia bingwa hahami kivulini mpaka aliyeshindwa aje kumsalimia.

Akakaa. Na kwa kuwa amekaa, ikabidi aseme kitu.

— Unajua, tangu asubuhi alikuwa anahema sana.

Hicho ndicho walichokuwa wanakingojea. Muuza kahawa akakumbuka kwamba hata wiki iliyopita fundi alimaliza kikombe kimoja tu. Mfupa akakumbuka alivyokuwa anajishika ubavu. Kona akasema ugonjwa huo anaufahamu, unaitwa kujiona. Na kwa nini, aliuliza, mtu apande kule kila wiki kama huko hana cha kufuata? Alikumbuka nyumba moja ya mawe upande wa pili wa uwanda, yenye pazia la kitambaa kizuri mno kwa mahali pale. Kitambaa kilitoka wapi? Nani alishona? Alishusha sauti, akatazama duka la nguo. Kufikia kikombe kilichofuata fundi alikuwa na mke wa pili, watoto, na baiskeli yenyewe ameshaiuza huko huko ili anunue cherehani nyingine.

Kinyozi alimjua fundi tangu wakiwa wanaazimana kalamu. Alijua kwamba wakati ule fundi anasukuma baiskeli juani bila tone la maji. Ilikuwa inatosha kusema neno moja. Alilitafuta, akaliona, akaona pia nyuso tatu zitakavyomgeukia, na akalimeza.

— Yule pale, alisema muuza kahawa.

Nukta ilikuwa imetokea kwenye kona ya juu. Haikuwa inakuja kwa mwendo wa baiskeli. Walimtazama akishuka kwa miguu, ameshika usukani, tairi la nyuma limelala chini likijivuta. Alipokaribia waliona magoti yake meupe kwa chokaa, tumbo jeupe, viwiko vimechubuka, vumbi limegandiana na damu. Hata nyusi zilikuwa nyeupe. Kona aliandaa utani, akakosa mahali pa kuuanzia.

Fundi hakuwasalimia. Aliiachia baiskeli ianguke barabarani, akaja moja kwa moja kivulini, akamshika kinyozi mabega kwa mikono miwili, akampapasa shingo, akampapasa kichwa.

— Nilikuita hukuitika, alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. Nikajua huwezi kuniacha, lazima umeanguka. Kila shimo nimelala kifudifudi nikachungulia, nikakuita. Kila shimo, ndugu yangu. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama yako.

Mfupa alitazama chini. Muuza kahawa alikuwa ameinua birika na hakukumbuka kulishusha. Ng'ambo, mke wa fundi alikuwa ameshafika katikati ya barabara, akasimama.

— Umeumia wapi? aliuliza fundi.

Aliwatazama mmoja mmoja kama watu waliopokea majeruhi na kumfichia habari. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya benchi, akamkunja kinyozi suruali hadi gotini, akaanza kutafuta kidonda.