Kengele ya Feza na Kasonde

Mwaka 1975, benchi letu la mtaa wa Kamalondo lilikuwa mbele ya duka la Amadi, fundi wa redio, mrefu hata tukamwita Antena. Jioni moja Kasimu, muuza kahawa, alikuwa anatumiminia, mara binti yake Feza akafika na mwenzake Kasonde, wamebeba sanduku la mbao. Walisoma shule ya ufundi, na kundi lao lilipewa kazi ya kubuni mchezo wa umeme wa watoto wadogo. Walimu wangeutazama kesho yake. Feza alikuwa na wasiwasi, hata kutusalimia alisahau.

— Mutoto anafinya hii kifungo, — Kasonde akaeleza, — lampe inawaka, kengele inalia.

Donat, karani mpenda mabishano tuliyemwita Avocat, yaani wakili, hakungoja.

— Lampe moja? Weka makumi mbili!

— Lampe ya nini? — Antena akamkata. — Weka haut-parleur, itoe sauti. Mutoto anafinya, mashini inamujibu: bonjour, citoyen, sawa muntu mukubwa!

— Bon, weka na magurudumu, imupeleke mupaka uwanja wa ndege, Luano.

— Na mabawa! Ikifika Luano, iruke na batoto juu!

Tukacheka. Feza hakucheka.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua redio yake alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Jina lake Habiba, mwalimu wa watoto wadogo.

— Miye niko na batoto makumi tatu, — akasema. — Mumoja akifinya, bengine banafanya nini?



— Banangojea, — Kasonde akajaribu.

— Batoto yangu habajue kungojea.

Feza akainama. Nilidhani analia, kumbe anafikiri.

— Papa Amadi, uko na transistor mbili?

Feza akaziunga sandukuni zikuze umeme dhaifu, kisha akang'oa kile kifungo. Mahali pake akaacha nyaya mbili, kila moja na kipande cha shaba mwishoni.

— Ni courant ya pile tu, umeme kidogo ya betri, haiume muntu. Mushikane mikono.

Yeye akashika shaba moja, Kasonde nyingine. Kati yao tukajipanga Kasimu, mimi, Habiba, Avocat na Antena. Hapo mambo yakakwama. Avocat ni shabiki wa Lupopo, Antena wa Mazembe, na tangu mechi ya mwisho hawakuwa wamepeana mkono.

— Miye nishike mukono ya huyu? — Antena akagoma.

— Papa Amadi, ni kazi ya shule, — Feza akamsihi.

Wakagusana kwa vidole viwili. Kengele ikalia! Umeme ulikuwa umepita kwa watu saba.

— Kesho, walimu yenu bakimaliza, mulete kwangu! — Habiba akapaza sauti. — Batoto bote batacheza!

Feza sasa akacheka mpaka sanduku likatikisika. Avocat akatoa mkono ajikune pua, na kengele ikanyamaza palepale.

— Weye! — Antena akafoka. — Lete mukono!

Akaudaka mwenyewe, akaukamata kwa vidole vyote vitano.