Simu Kwenye Sidiria

Kona ya Msimbazi, mbele ya fremu ya Mangi anayeuza masufuria kwa jumla, kuna benchi lisilokosa watu wala ubishi. Saa nne asubuhi, jua limeshaanza fujo, tupo watatu: Mangi mwenyewe, Uledi mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye tunamwita Bingwa kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa, na mimi, Degree, niliyesoma fizikia chuo kikuu miaka minne na sasa nashinda hapa benchini nikisubiri ajira. Mada ya leo kaianzisha Bingwa.

— Mwili ni spanji. Mionzi ya simu inazama, inabaki humo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haibaki, Bingwa, nikamjibu. Ikiingia mwilini inageuka joto, kajoto kadogo tu, imeisha. It doesn't accumulate, kaka.

— Inabaki kwenye mafuta, akadakia Mangi. Tangu ninunue smartphone nimeota kitambi. Utaniambia ni ndizi za mtori?

— Ni bia, Mangi.

— Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

— Firauni alikuwa na simu?

— Nyie chekeni, alisema Bingwa, sasa amesimama kabisa. Balaa liko kwa akina mama wanaotia simu kwenye sidiria. Mionzi inapiga ziwa, maziwa yanaiva humohumo. Mtoto ananyonya network. Samaki mkunje angali mbichi.

Nyuma yetu mtoto alikuwa analia. Kugeuka, tukamwona Severa, mgeni aliyeanza juzi kuuza vitenge fremu ya jirani. Alikuja kivulini kumnyonyesha mwanawe. Simu yake ilikuwa inachungulia kifuani, pale wanawake wote wa Kariakoo wanapoifichia vibaka. Vifungo alivyokuwa amevifungua, akaanza kuvifunga.

— Samahani kaka zangu. Kwa hiyo nisimnyonyeshe?

Bingwa akaketi. Mangi akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mnyonyeshe, dada, nikasema. Mawimbi ya simu hayakai kwenye maziwa, trust me. Ukiwa na wasiwasi iweke pembeni, ila mtoto mpe ale.

— Una uhakika?

— Hundred percent. Nimeyasomea haya.

Akanitazama, tumaini limeanza kumrudia usoni, kidole kwenye kifungo.

— Kumbe. Unafanya kazi wapi, kaka?

Nikamwangalia Mangi. Mangi akamwangalia Bingwa. Mtoto akazidi kulia.