Andrea Mwashi na Nishani ya Nyumba ya Pwani

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Fransisko, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mjomba wetu Andrea Mloka, na mtanivumilia nikikaza sauti, maana mengine humu yananiuma.

Marehemu alizaliwa Kinole, siku haijulikani, akabatizwa tarehe 8 Desemba 1888 akiwa na miaka kama kumi na miwili, akasoma misheni na kujifunza uashi, na tarehe 4 Februari 1899 akafunga ndoa na Veronika, wakajaliwa watoto wawili, Petro na Agnes.

Mwaka 1903 aliteremka Dar es Salaam kumjengea tajiri mmoja wa Kijerumani nyumba ya ghorofa ufukweni, akasimamisha matao saba ya barazani kwa mikono yake, na nyumba ilipozinduliwa, tarehe 10 Juni 1905, tajiri akawagawia wageni nishani za shaba zilizotengenezwa kwao Ulaya kwa mtindo wa zamani, na mjomba naye akapewa moja kwa ajili ya matao yale. Upande mmoja ilikuwapo nyumba yenyewe, matao yote saba yakihesabika, na upande wa pili mwanamke amesimama juu ya kombe la bahari, kazungukwa na mawingu, maua na watoto wenye mabawa, wamebanana hata pa kupenyeza sindano hapakuwepo.

Basi aliporudi Kinole, sisi watu wa rozari tukaona mawingu, tukaona malaika, tukajua huyo ni Mama Maria. Veronika akaitoboa, akaivaa shingoni, wazazi wakawa wanaiazima watoto wao wakishikwa na homa, na mjomba kila aliposema jamani igeuzeni, muone nyumba yangu, aliambiwa asikufuru. Pasaka, tarehe 11 Aprili 1909, Veronika alipokwenda kukomunika padri akaiona, akasema huyo ni mungu wa bahari wa wapagani, akaichukua.

Mjomba alikwenda kuiomba mara kumi na moja, akajibiwa kwamba sanamu ya kipagani hairudi nyumba ya Mkristo. Mwaka 1910 kontrakta mmoja mjini Morogoro alitafuta fundi mkuu, akamtaka mjomba alete ushahidi wa kazi zake, naye hakuwa nao ila nishani ile iliyozuiwa misheni, akawekwa chini ya mtu asiyewahi kusimamisha tao hata moja, amchanganyie chokaa. Vumbi la chokaa lile ndilo lililomharibu kifua, akaugua miezi saba, akafariki juzi, tarehe 7 Agosti 1913.

Tunamshukuru dakta wa mjini, majirani wa Kinole waliombeba kwa machela, na waashi wenzake. Tunamshukuru na padri wetu, aliyetuletea nishani leo asubuhi, upande wa nyumba mzima, upande wa mwanamke ameusugua kwa tupa mpaka hauna kitu, na tupa hiyo imekuwapo misheni miaka yote minne.

Nenda salama, mjomba Andrea, na huko uendako wasikudai ushahidi.