Ikupa Afagie Lini?

Haya alinihadithia kwanza mama mkwe wangu, Damari, aliyekuwa anauza kahawa sokoni Mwanjelwa, enzi zile wanaume wa kwetu walipoanza kubebwa na ndege kwenda Joni, kule kusini kwenye migodi ya dhahabu. Mbele ya jiko lake kulikuwa na benchi moja la mbao za Mafinga, na wenyewe watatu. Sedekia dereva wa lori, wakimwita Gia. Kalinga, Mhehe aliyepigana Burma, wakimwita Kapteni, ingawa vitani alikuwa anapika. Na Jailos, aliyesoma mpaka darasa la nne akabaki na jina la Ramani. Asubuhi moja ndege ilikuwa imeondoka na Asukile, jirani yao.

— Huyo kufika ni kesho kutwa, akasema Gia. Mimi Iringa mpaka hapa natoka gizani nafika gizani, na Igawa lazima nisimame injini inywe maji.

— Sasa ndege itasimama wapi, we Gia? akauliza Kapteni. Juu ya mti?

— Itajua yenyewe! Mwenda pole hajikwai.

— Angani utajikwaa na nini? Kapteni akacheka. Mimi ndege nimeziona. Hiyo inashuka kwa kila bwana mkubwa, inapiga saluti, rubani anakunywa chai, ndiyo inaruka. Na mabwana wakubwa kutoka hapa mpaka Joni ni wengi! Wiki nzima.

— Kapteni, we uliona sufuria, akasema Gia.

— Sufuria nayo iliona ndege! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ramani akaweka kikombe chini.

— Wote hamjui. Dunia ni mviringo, tena inazunguka. Ndege inapanda juu ya mlima Loleza, inasimama kimya. Chini huku dunia inazunguka, Joni inakuja yenyewe. Mtu anashuka.

— Mbona hatusikii kizunguzungu? akauliza Gia.

— Na jana ulipoanguka mferejini ukasingizia pombe?

Damari akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hapo ndipo akatokea Ikupa, mke wa Asukile, kanga kaifunga kiunoni.

— Kamwene, mwanangu, Kapteni akamsalimia. Kunywa kahawa.

— Ndaga, baba, nashukuru. Sikai. Nimekuja kuuliza tu.

Mnajua kwetu: msafiri akitoka, mkewe hagusi ufagio mpaka afike. Ukifagia mapema, umemfagia na yeye.

— Mama mkwe wangu anakuja mchana huu, akasema Ikupa. Nyumba imejaa maganda ya ndizi, na mbuzi alilala ndani. Mtu wa basi najua, nalala naamka, kafika. Huyu wa ndege je? Nifagie lini?

Gia akamtazama Kapteni. Kapteni akamtazama Ramani.

— Wewe, Ramani, si ulisema amesimama, sisi ndio tunasafiri? akauliza Damari. Haya, mwambie. Nani asifagie?

Ramani akanywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu.

Ikupa akarudi nyumbani, hakufagia. Mama mkwe wake akaja, akasimama mlangoni, akatazama maganda, akatazama kinyesi cha mbuzi. Halafu akaingia, akaketi humohumo.

— Asante, mwanangu, akasema. Bado umemshika mumeo.

Haya, laleni. Baba yenu naye saa hizi yuko angani, na simu haijalia. Wewe, ufagio huo unaupeleka wapi? Rudisha nyuma ya mlango.