Sufuria Niliyowajengea Majirani Zangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wa mbele mmeitika, wa nyuma bado mnakung'uta matope kwenye viatu, kwa hiyo narudia: Bwana asifiwe.

Asanteni. Na wewe Mzee Shabani uliyekaa karibu na mlango, asalaam aleikum. Ndugu zangu, huyu ni Mwislamu na ni jirani yangu wa miaka mingi. Nilimwomba aje leo kwa sababu nitakayosema yanamhusu. Akanijibu, "Nitakuja, ila nitakaa mlangoni, usije ukanivizia ukanibatiza." Wengi wenu mnajua kwamba sisi ni watani. Yeye ni Mzaramo, na mimi baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani kutafuta kazi akabaki. Tangu ujana wetu, ukiacha miezi nitakayoitaja, hatujawahi kusalimiana bila kutukanana. Lishikeni jambo hilo, maana kosa langu lilipitia humo.

Nilisoma hadi kidato cha nne. Kwetu bondeni, kando ya Mto Ruvu, wa rika langu waliofika huko ni wachache. Kwa hiyo tulipoamua kujenga tuta la kuzuia maji yasiingie kwenye mpunga na nyumba zetu, walinichagua mimi niwe mwenyekiti wa kamati. Nilichora mchoro kwa rula. Mto huku, sisi huku, tuta katikati. Nikaona nimemaliza.

Tulifanya kazi kweli. Wanaume kwa wanawake, kiangazi chote, tulibeba udongo kwa karai na kupanga mifuko ya mchanga. Kabla ya kumaliza, Mzee Shabani alisimama mkutanoni akasema, "Mnyamwezi, baba yako alifika hapa na mzigo kichwani. Afadhali na wewe ungebeba mzigo kuliko kufikiri. Ruvu haiji kwa mbele tu. Ikijaa sana inapita kule juu, kwenye mkondo wake wa zamani, inatuzunguka na kuja kwa nyuma. Maji yakishaingia, tuta lako litayazuia yasitoke. Unatujengea sufuria, nasi ndio nyama. Acha basi mlango wa mbao kule chini, tuufungue yakitukuta."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikajibu, "Mzaramo akiona jembe huanza kuota mafuriko." Wakacheka zaidi, tukaendelea na ajenda nyingine. Ndugu zangu, yule mtu alisema kweli, tena kwa uchungu. Ila kwa kuwa alikuwa mtani wangu, niliyapokea maneno yake kama utani. Aliniambia mbele ya watu wote, nami nikajifanya sikuambiwa.

Kisha nikafanya mabaya zaidi. Mnayajua madungu, vile vichanja virefu vya miti tunavyopanda kufukuza ndege na nguruwe katika mpunga. Nguzo za tuta zilikuwa zimepungua. Nikaamuru kila mtu avunje dungu lake alete miti. Wote walileta isipokuwa Shabani. Nikamwita msaliti wa kijiji, na siku hiyo sikuwa natania. Akaenda zake. Kwa miezi mingi alinisalimia kwa adabu, na kwa watani salamu ya adabu ni adhabu.

Tena zamani, masika yakianza, familia zote zilikuwa zikihamisha magodoro na kuku kwenda kule kwenye mwinuko mpaka mto utulie. Nikawaambia ushamba huo umekwisha, sasa tuna tuta. Mke wangu Rebeka, ambaye goti lake moja ni bovu, aliniambia, "Baba Tumaini, mwaka huu twende juu hata kama ni sisi wawili tu." Nikamjibu, "Mwenyekiti akikimbia, watu watasema nini?" Hakurudia tena. Namjua mke wangu. Akinyamaza hivyo hajakubali, amechoka.

Mvua ilinyesha siku nyingi, huku kwetu na kule mto unakotoka. Asubuhi moja tulikuwa wanaume wengi juu ya tuta, tunaangalia Ruvu. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda na magogo, lakini hayakufika juu. Watu walinipongeza. Nilikuwa nimefungua mdomo nijibu niliposikia kelele za kuku nyuma yetu. Nikageuka. Mpunga wote ulikuwa unang'aa. Maji yalikuwa yanakuja taratibu kutoka nyuma ya nyumba, upande ule ule alioutaja Shabani.

Kabla ya adhuhuri yalifika kiunoni, na bado yalikuwa yanapanda, kwa sababu hayakuwa na pa kutokea. Shabani alikuja juu ya tuta na jembe begani. Akasema, "Tukate kule chini. Toa ruhusa."

Nikasema, "Tukikata, mto utaingia."

"Umeshaingia. Angalia mwenyewe. Ndani maji yako juu kuliko mtoni."

Niliangalia, na ilikuwa kweli kabisa. Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo, ndugu zangu. Niliona kwa macho yangu, na bado sikutoa ruhusa. Lile tuta lilikuwa jina langu. Nilisimama pale natafuta maneno, na vijana waliokuwa na majembe wakanisubiri kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mzee na ni mwenyekiti.

Shabani akashusha sauti. Hakuniita Mnyamwezi. Aliniita kwa jina langu, Zakaria, mara ya kwanza katika maisha yetu. Akasema, "Zakaria, mkeo yumo ndani ya sufuria."

Nikamnyang'anya jembe nikawa wa kwanza kukata. Nilikata huku nalia na kumwita Mungu. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, "Bwana, nimekosa, usimlipize Rebeka." Wenzangu wakaingia na majembe yao, tuta likapasuka, maji yakaanza kurudi mtoni kwa kishindo.

Nikaenda nyumbani nikishikilia miti. Sikuikuta nyumba. Ukuta wa upande wa chumba chetu ulikuwa umelala na bati juu yake. Niliita, "Mama Tumaini!" Nikaita tena, nikaanza kuvuta bati kwa mikono.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke kutoka juu, "Shemeji, acha kulia hapo, maji yaliyopo yanatosha."

Alikuwa Bi Mwajuma, mke wa Shabani. Alikuwa juu ya dungu lao, lile nililotaka livunjwe. Walikuwa watu saba na mbuzi mmoja, wamebanana, na katikati yao Rebeka wangu ameshika kuku. Bi Mwajuma ndiye aliyemfuata ndani, akajifunga naye kwa kanga kiunoni, wakavuka pamoja. Nilimuuliza Rebeka ukuta ulianguka lini. Akasema, "Tulipokuwa tunapanda. Tulikuwa tunawaona kule juu ya tuta mmesimama. Tukashangaa mnasubiri nini."

Ndugu zangu, walikuwa wananisubiri mimi. Kama uhai wake ungetegemea akili yangu, leo ningekuwa nasimulia msiba. Mungu alimwokoa kwa mikono ya watu niliowadharau, juu ya miti niliyoikosa.

Hakufa mtu. Mpunga uliondoka wote na nyumba nyingi zilianguka, na kwa hilo niliomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji na kuachia uenyekiti. Shabani alisimama akasema, "Mmsamehe, Mnyamwezi kuona maji mengi ni mara yake ya kwanza." Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Nilijua amenisamehe aliponitukana.

Namshukuru Mungu kwa kila asubuhi ninayosikia goti la Rebeka likilia anapoinuka kitandani. Namshukuru kwa Bi Mwajuma na kanga yake. Tuta tumelijenga upya, na sasa lina mlango. Ni zuri kwa maji madogo. Kwa maji makubwa litatupa muda wa kuondoka, basi, na anayewaambia zaidi ya hapo anawadanganya kama nilivyowadanganya mimi.

Nawasihi, msimtegemee Mungu kwa mdomo huku mioyo yenu imelala juu ya udongo mliourundika wenyewe. Mwaminini yeye, na akimtuma mtu kuwaonya, msiangalie ni wa dini gani, wala kama anawachekesha.

Mawingu mmeyaona. Jumamosi mimi na Rebeka tunahamia juu, na Mzee Shabani ameahidi kunibebea godoro ili apate la kusimulia. Asiye na wa kumbebea aseme leo, kabla hatujatoka hapa. Nitakuja mwenyewe mlangoni kwake, na safari hii hakuna atakayenisubiri. Amina.