Korongo wa Kasense Wanasikika Hadi Ulaya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, utusamehe kwa mngurumo huo wa nje. Ni lori la jirani yetu Rahim linaloshuka Mtowisa, kule bonde la Rukwa, na juu ya magunia ameshapanda Mzee Isdori, mwenye shughuli hii hasa. Tumemsihi ashuke akusalimie. Amesema, "Mimi nimesikia risala nyingi kuliko ndege. Niacheni nikasikie ndege." Basi karibu, tunaanza bila yeye.

TULIKOTOKA

Mzee Isdori hajawahi kukaa mahali akazeeka napo. Biashara huria iliporuhusiwa nchini na redio kaseti zikajaa madukani, yeye alinunua moja, akaenda nayo bondeni Kasense kurekodi korongo wenye taji. Tulimcheka. Wenye akili walirekodi muziki.

Kisha Jasmin akafungua chumba cha intaneti hapa mjini, akatuonyesha maktaba ya sauti za ndege iliyo wazi kwa dunia nzima. Unaweka bure, unasikiliza bure, na chini yake unasoma ndege huyo anakula nini na anataga wapi. Korongo wa huku kwetu Ufipa hawakuwemo. Mheshimiwa, Mzee hakulala!

TULICHOPATA

Sasa wamo. Siku Jasmin alipobonyeza na korongo wa Kasense wakalia kutoka kwenye kompyuta, watu walitoka kwa vinyozi na sabuni kidevuni.

Majibu yakaja kutoka Ulaya. Walisifu sana, ila waliuliza: huyo ndege wa pili, anayepiga kama makofi, ni nani? Tulicheka mpaka tukakaa chini. Wakati anarekodi, Mzee alikutana na mkwe wake, Bibi Albina, akitoka kisimani. Akaweka redio chini, akachutama, akapiga makofi ya salamu, naye Bibi akajibu. Jasmin alitaka kuyakata. Mzee akakataa: "Ukiyafuta, nimempita mkwe wangu kama kisiki." Hivyo makofi yamebaki, na maelezo yameongezwa kwamba huku Ufipa watu husalimiana hivyo.

KINACHOTUBANA

Bonde lile amepewa mwekezaji, na trekta linaingia Jumatatu. Hatupingi kilimo, sisi wenyewe ni wakulima. Lakini korongo wako kwenye mayai. Kija, mfugaji, ameshawahamisha ng'ombe wake kwa hiari, anawanywesha mbali. Trekta halina hiari, Mheshimiwa. Lina saini yako.

OMBI

Tunaomba trekta lisubiri vifaranga waruke. Hilo tu. Umeme na barabara tutaomba mwaka mwingine. Mungu akupe masikio mazima na safari ya kurudi isiyo na tope. Nasi tunakupigia makofi yale yale.

WALIPO WENZETU

Jasmin yuko mlangoni, kompyuta imewashwa, ukipenda kusikiliza. Bibi Albina amekaa mstari wa mbele, na mpaka risala hii alikuwa hajui kwamba anasikika Ulaya, umthibitishie wewe. Kija yuko na ng'ombe. Mzee Isdori, tukimaliza kusoma, atakuwa njiani kuelekea Mtowisa kutafuta korongo wengine, kwa sababu hana imani na ombi letu. Korongo wa Kasense walikuwa kundi zima alipoanza kuwarekodi. Leo asubuhi wako wawili. Wengine wamebaki kwenye mtandao.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasikiliza Ndege, Kasense, Sumbawanga