Kimeo Kilikatwa, Kikohozi Kikabaki

Wanajumuiya, tulizeni watoto. Nina jambo la kusema na sitaki kulirudia.

Nilianza kukohoa wakati wa kuvuna viazi. Nikasema ni baridi ya Uyole, nani asiyeijua? Viazi vikaisha, kikohozi hakijaisha. Nikanywa tangawizi, nikanunua dawa dukani. Usiku nalowa jasho mpaka nabadili kanga. Sketi zikaanza kunidondoka kiunoni.

Jirani akaniambia, "Mama, hicho ni kimeo." Mnakijua, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kwetu mtu akikohoa sana, kinachobeba lawama ni kimeo. Fundi akaitwa kutoka Nyololo, nikapanua mdomo, akakikata. Nikatema damu na kushukuru juu yake. Kikohozi kikabaki palepale.

Mara mjukuu wangu, ninayelala naye kitanda kimoja, naye akaanza kukohoa. Hajamaliza hata kuota meno. Nikampigia fundi: njoo. Alipotoa wembe, mkwe wangu, binti wa Iringa, mpole siku zote, akamkumbatia mtoto akaegemea mlango.

"Mama, huyu hakatwi."

"Unanifundisha kulea? Baba yake nilimkatisha mimi!"

"Nakuheshimu, mama. Lakini wewe ulikatwa. Umepona?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kikatoka kikohozi. Kikanikunja mpaka nikashika meza. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyecheka. Nilipopata pumzi nikamwambia fundi arudishe wembe wake mfukoni.

Hospitali daktari akaniuliza naumwa nini.

"Kikohozi."

"Bibi, kikohozi ni dalili. Ugonjwa ni kitu kingine, na una chanzo chake. Tukitafute hicho."

"Kwa hiyo miaka yote tunatibu nini?"

"Dalili, bibi. Na kimeo chako hakikuwa na kosa."

Nikatoa makohozi kwenye kikopo. Majibu yakaja: kifua kikuu. Chanzo ni vimelea, akasema, vinasafiri kwa hewa mgonjwa akikohoa. Sikujiwaza mimi. Niliwaza kile kitanda.

Mtoto akapelekwa kupimwa. Tukakaa kwenye benchi, mimi na mkwe. Nilitamani anitukane. Hakunitukana, na hilo likaniuma zaidi.

Daktari akatoka. "Mtoto hana kifua kikuu. Anakohoa mafua tu." Mkwe akaanza kulia. "Ngoja mama, sijamaliza. Amelala na mgonjwa, huenda ameambukizwa. Kuambukizwa bado si kuugua. Vimelea vinaweza kuwamo mwilini vimelala. Tunampa dawa ya kinga, visije vikaamka."

Mtoto akameza dawa zake, nikameza zangu, hata siku ziliponichafua tumbo. Nimepimwa tena, nimepona. Mtoto ndiye yule anayewavuta kanga hapo mbele.

Namshukuru Mungu, na daktari, na ninyi mliotuletea uji bila kuogopa mlango wetu. Wewe mkwe wangu, simama wakuone. Ulinibishia mbele ya mgeni nyumbani kwangu. Asante.

Ninyi wengine shikeni hili: dalili inakuja kukuita, usiikate ukadhani umemaliza. Tangu nimesimama hapa nimesikia wawili wanakohoa, na si leo tu. Sitaji jina. Kesho asubuhi nitapita kuwagongea, twende wote hospitali. Mkutwe mmeshavaa.